Kituo 40617

Nilianza na mstari mmoja, wa kuita maktaba.
Maktaba hii haina rafu, haina vumbi,
haina mtu wa kukuonya unyamaze;
ni msimbo ulioandikwa na nisiyemjua,
akauacha mlangoni kama sahani iliyofunikwa kwa kawa:
jipakulie.

Nikaipa nambari, 40617,
kituo cha kona, mbele ya duka la viatu lililofungwa.
Nikauliza: basi lijalo, lini?
Nje, Winnipeg, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
theluji ikilia chini ya buti
kama unga wa muhogo unapofinywa.

Jibu likaja kati ya mabano:
05:52.

Leonila Magbanua, mwenye nyumba,
aliyenipangisha chumba cha chini,
akavaa miwani, akacheka.
"Alfajiri? Nitakuwa nimeganda kitambo."
Yeye hufua mashuka ya hospitali, hutoka usiku.
Nikamweleza kwamba mashine huhesabu saa ya Greenwich,
saa sita mbele yetu majira haya ya baridi;
itoe sita, utalipata basi lako.
Lakini mimi, kimoyomoyo, sikutoa kitu.
Nilishaisoma ilivyo: tano na dakika hamsini na mbili, usiku,
kama nilivyofunzwa kuhesabu tangu giza linapoingia.
Kwa mara ya kwanza
kompyuta na mama yangu wamekubaliana saa.

Jumanne basi halikuja.
Alisimama dakika arobaini, kope zikishikana,
akarudi kwa miguu, akaanika glavu
juu ya kipasha joto. Hakusema neno.
Alinitazama tu, jinsi mdeni anavyotazamwa.

Nikashuka chini, nikaomba kumbukumbu za Jumanne.
Safari themanini na tatu, zote zimefika.
Wastani wa kuchelewa, dakika moja na nukta nne.
Nikazihesabu upya, kidole kwenye kioo.
Baina ya 05:22 na 06:22 hapakuwa na kitu,
wala alama, wala sifuri, wala pengo;
mstari umekaa juu ya mstari
kama meno ya mtu asiyewahi kung'olewa jino.

Basi lisilokuja halichelewi.
Haliandikwi.
Na lisiloandikwa
linaupendezesha wastani.

Jikoni, kalenda ya muuza samaki.
Sijawahi kuitazama zaidi ya picha.
Kumbe katika visanduku vya tarehe, kwa kalamu ya buluu,
Leonila alikuwa akiandika neno moja: wala.
"Kikwetu, Iloilo," akasema, "ni hakuna."
Nikamwambia kwetu pia lipo,
ila kwetu halisimami peke yake,
husubiri neno jingine lije.
"Basi ni hilohilo," akasema. "Ndivyo ninavyosimama."

Usiku ule nilinakili kalenda nzima,
tangu Novemba, wala kumi na tisa,
nikaliunganisha jedwali lake na jedwali la jiji,
nikaiamuru maktaba isitupe mstari uliokosa mwenza.
Ikatii. Haikuuliza kwa nini.
Kumi na tisa zikashuka kwenye kioo,
upande wa kushoto tarehe, upande wa kulia utupu.

Nilipeleka barua kwa wahusika. Wakashukuru.

Sasa kila usiku, nusu saa kabla,
programu yangu inaulizia kituo,
na mabano yakirudi matupu, inamtumia neno lake.
Alhamisi yalirudi matupu.
Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Wala.
Akabaki ndani, karibu na vikaushio,
na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa,
akakunja mashuka mengine manane,
akayapanga juu ya yale ya zamu yake,
ambayo hakuna aliyeyahesabu.