Mshika Reki

Kwetu Njombe mchezo huu tuliuita kuruka chini.
Hakuna aliyeuliza kwa nini chini
ilhali sote tulitaka kwenda mbele.
Mwalimu alichora mstari kwa jivu,
shimo tulilijaza maranda ya seremala,
na ukitua vibaya ulitembea wiki nzima
na kibanzi makalioni.

Hapa Birmingham mchanga umeletwa kwa lori,
ukachekechwa, ukanyweshwa maji alfajiri.
Nimepewa koti la mvua, fulana ya njano,
beji iliyokosea jina langu, Tulinagwe, herufi mbili,
na reki yenye mpini unaonizidi kimo.
Kazi yangu ni kufuta.

Wako wanane waliobaki.
Mmoja hujizaba makofi mapajani,
mmoja husema na viatu vyake, tena kwa ukali,
Mjamaika hupiga makofi juu ya kichwa
na uwanja mzima wa Perry Barr humwitikia.
Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.
Basi mimi hungoja,
kwa zamu, bila kinyongo,
na kila anayeshuka namsawazishia kitanda
aje mwingine.

Dainora wa Lithuania ana miaka thelathini na mitatu
na plasta ya bluu gotini.
Mita sita na sabini.
Wa tatu ana sita na sabini na moja.
Sentimita moja: upana wa kitufe cha shati,
naye amebakiwa na mruko mmoja.

Mvua ilikuwa ile ya huku,
isiyonyesha wala kukatika.
Akayumba nyuma mara moja, mara mbili,
akaja.
Nilizihesabu hatua kwa masikio,
kumi na tisa, ya mwisho ikagonga ubao
kama mlango wa mwenye haraka,
na kule hewani hakuacha kukimbia,
kama mtu aliyeambiwa basi la mwisho limeondoka
akakataa.

Mchanga ulinirukia mpaka mdomoni.
Alitua pale ambapo tangu asubuhi
reki yangu ilikuwa inapita bure.

Bendera nyekundu.

Kwenye skrini kubwa wakaonyesha kiatu na mstari:
ncha imezidi, unene wa ukucha.
Watu wakasema ooh, wakageukia wakimbiaji wa viunzi.
Mruko ulioharibika haupimwi.
Hauna namba, hauandikwi,
na shimo lake lilikuwa mbele yangu, bichi,
visigino viwili na kiganja kimoja.

Usiku nafua mashuka ya hospitali.
Mwaka wa tisa huu naondoa alama za watu
na mkono haujawahi kunisita.
Siku hiyo ulisita.
Nikailaza reki, kana kwamba nafunga kamba ya kiatu,
kichwa chake kwenye alama ya anayeongoza:
mpini haukukifikia kisigino.
Nikaongeza shubiri. Nusu shubiri.
Mzee wa vipimo akakohoa.

Dainora alikuwa amesimama ukingoni,
mchanga umemganda shavuni kama unga wa mhogo.
Kiingereza chake kibovu, changu cha kufulia.
"Mbali?" akauliza.
"Mbali."
Akanitazama, anataka zaidi,
nami nikatanua mikono kama mpima kitenge dukani,
nikatanua tena kidogo.
Akacheka ghafla, kama mtu aliyepiga chafya,
akaokota suruali yake ya mazoezi, akaondoka akichechemea.

Nikafuta. Nilianza na kiganja.

Kwenye basi nilisimama hadi karibu na nyumbani,
mchanga ukinikwaruza kati ya vidole.
Mume wangu Ambakisye alikuwa anakaanga vitunguu.
"Nani kashinda?" akauliza bila kugeuka.
Nikamtajia yule Mjamaika.
Ndicho alichouliza.