Wavamizi wa Mia Tano

Bango lilikuwa ukutani kwa Mnalima tangu Jumatatu:
sahani ya chuma angani, mwanga wa kijani,
nyumba ishirini zimepangwa kama meno ya bandia,
na chini, kwa kalamu nene, mwandiko wa Mnalima mwenyewe:
WATAVAMIA IJUMAA. UTACHEKA MPAKA UZIMIE.

Nami mtu mzima, fundi cherehani, mama wa wawili,
nikatoa mia tano ya uzi mweusi.

Julai, Newala, baridi inaingia mpaka kwenye jino.
Tulibanana kwenye mabenchi, khanga juu ya khanga,
tukawangoja.

Robo saa nzima mwanamume anakata majani.
Si ya mbuzi. Anakata, kisha anayatupa.
Jirani yake naye anakata.
Wanachunguliana kupitia pazia.
"Wako njiani, msiondoke," akasema mtafsiri ndani ya spika,
kijana wa Masasi anayejiita Namkopa,
ambaye hulipwa kwa filamu, si kwa furaha.

Wakaja. Watatu.
Vichwa kama maboga yaliyosahauliwa shambani.
Chombo chao kilionekana kidogo,
kamba iliyokining'iniza ikaonekana zaidi.
Walikuwa wamevuka nyota zisizo na hesabu
ili waibe mashine ya kukatia majani.

Hapo ndipo tulipotakiwa kucheka.
Benchi la mbele mtoto akapiga chafya.

Namkopa alijitahidi, tusimwonee.
Akawapa wavamizi lafudhi ya Kimakonde,
mkubwa wao akambatiza Karani wa Mizani,
tukaguna kidogo, maana karani tunamjua.
Kisha naye akachoka.
Dakika ya hamsini sauti ikakatika,
tukasikia kijiko kikigonga kikombe,
mtu anakoroga chai katikati ya vita vya ulimwengu.

Mimi kilichoniudhi si maboga.
Nilingoja mtu mmoja, mmoja tu, atoke nje apige yowe.
Mtaa mzima unavamiwa, kila nyumba na komeo lake,
hakuna aliyebisha hodi kwa mwenzake
hata kwa kisingizio cha kiberiti.
Hapa ukimwaga ndoo ya maji (na ndoo Newala si mchezo)
mitaa mitatu inajua kabla ardhi haijakauka,
na wa nne wanaapa kwamba ulisukumwa.
Nikawaza, labda hawa walivamiwa zamani,
kabla ya filamu kuanza.
Nikawaza pia uzi wangu mweusi.

Ndipo mlango wa banda ukasukumwa.

Kikaingia kiumbe,
manjano kutoka utosini hadi kwenye ndala,
miwani ya plastiki, mdomo umefungwa kitambaa,
mgongoni mashine yenye mkonga,
nayo ikishusha pumzi yake ya mwisho ya salfa.
"Somoe yumo humu?" kikauliza. "Kaondoka na ufunguo."

Banda likapasuka.
Litunu kofia ilimdondoka, hakuiokota.
Somoe akajifunika khanga yote, mabega yakitikisika,
na bibi mmoja nyuma akapaza sauti:
"Mpisheni akae, katoka mbali huyo!"
Kiumbe kikasimama, hakikuelewa kosa lake.
Kikakohoa.
Unga wa manjano ukapanda kwenye mwanga wa projekta,
ukazunguka polepole, chembe kwa chembe,
ukawafunika maboga, nyumba, majani yaliyokatwa,
na kwa mara ya kwanza usiku ule
tukaona anga.

Filamu iliisha. Sijui nani alishinda.

Nikamfuata Mnalima mlangoni: nirudishie mia tano yangu.
"Ulicheka, hukucheka?"
"Nilicheka."
"Basi."

Nje ukungu umelala chini kama mgonjwa.
Upande wa Shimo la Mungu mashine nyingine inanguruma,
mtu anapulizia mikorosho kabla upepo haujaamka,
mwanga wa tochi yake unakwenda, unasita, unakwenda.
Somoe na mumewe wamenitangulia,
anamkung'uta mgongo, anamgombeza, anamkung'uta.

Nikasimama kidogo
nikitazama juu,
kama mtu anayedai chenji.