Mizani

Miaka thelathini Mwaloni
Bi Nkwimba alipima dagaa,
akitaja kilo kwa sauti iliyomeza injini.
Kisha magoti. Kisha chumba juu ya mawe, Igogo,
na redio aliyobishana nayo
apate wa kumnunia.

Siku hiyo alifuata dawa ya presha.
Kliniki ya watoto ilikosa mtu.
"Mama, unajua mizani?"
Akacheka mpaka akakohoa.

Sasa kila Jumanne vichanga vinaning'inia ndoanoni,
vinalia, naye anavinadi:
"Sita na nusu! Huyu hauzwi!"
Wazazi wanamwachia mabegi,
kadi,
habari za waume.

Halipwi hata senti.
Jioni anapanda mawe polepole,
begani maziwa yaliyocheuliwa yamekauka,
na redio, maskini,
siku hizi inaongea peke yake.