Vitabu Kumi na Kimoja

Vimekaa juu ya kabati la vyombo, kumi na kimoja,
na mende wameshasoma nusu yake.
Nilipostaafu ukarani wa ghala la pamba
nikamwambia Mazigo: nitavipika vyote,
ukurasa kwa ukurasa, wa kwanza hadi wa mwisho.
Akauliza, "Na mimi nitakula nini?"

Cha kwanza nilikuja nacho kutoka shule, somo la upishi,
jalada nimelishona kwa uzi wa gunia.
Chenyewe kinapima kwa aunsi. Mimi kwa kopo la maziwa,
na pale kopo lisipofika, kwa kiganja.
Keki ya ndimu, ukurasa wa tisa:
sufuria ndani ya sufuria, mchanga chini,
makaa juu ya mfuniko,
macho yangu kwenye saa ya ukutani
inayokimbia mbele dakika saba kila siku.
Ikatoka kama majabali ya Kapripointi,
imara, haina haraka ya kuliwa.
Mazigo aliila kwa chai. Hakusema neno.
Mkerewe akinyamaza mezani, ujue.

Cha nne nilikiokota Makoroboi, juu ya turubai,
kati ya mitihani ya zamani na viatu vya mguu mmoja.
Kinataka samaki wa mito ya barafu,
siki ya zabibu,
na jani ambalo hata Bi Zarina wa duka la viungo
alilisoma, akavua miwani, akalisoma tena.
Nikaweka sangara. Nikaweka ukwaju.
Jani nikaliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi
akiwa na viatu vipya.
"Chatosha watu sita," kitabu kilisema.
Tulikuwa wawili, na sufuria haikulala na kitu.

Cha sita sikizungumzii.
Majirani wa juu mlimani walidhani tunachoma takataka.

Cha kumi na kimoja si kitabu.
Ni daftari la mistari,
nyuma yake jedwali la kuzidisha.
Mama alisema, mimi nikaandika,
mwaka niliomaliza darasa la saba;
yeye akichambua nsansa, mimi nikitafuna kalamu.
Kipimo hakutaja hata kimoja.
Maji ya kutosha.
Chumvi mpaka ikubali.
Moto wa mtu asiye na hasira.
Na ukurasa wa mwisho, wino umetambaa:
*Furu. Bakuli moja. Usiwaoshe sana.*

Nikashuka Mwaloni kabla jua halijapanda.
Dagaa kwa magunia, sato, kayabo,
mabondo yakipimwa kwa mizani ya wasiwasi kama dhahabu.
"Furu?" kijana mmoja akacheka.
"Si waliliwa wote na sangara, mama?"
Mwenzake neno lenyewe hakulijua,
akanielekeza kwa fundi simu.

Nyanjige wa meza ya dagaa hakucheka.
Aliingiza mikono kwenye fungu lake,
akatoa mmoja, akatoa wa pili,
akihesabu Kisukuma chini kwa chini.
Tisa. Mkubwa wao kama kidole cha shahada.
Nikafungua kibeti.
"Acha," akasema. "Hawa huwa nawapa bata."

Tisa hawajazi bakuli. Nikapika hivyo hivyo.
Maji ya kutosha. Chumvi nilionja mara tatu
nikiingoja ikubali.
Moto, sitadanganya, nilikuwa na hasira kidogo,
sijui na nani:
miaka yote hiyo nimemla sangara kwa raha
wala sikumwuliza alikula nini.

Mazigo akachomoa mwiba kwenye jino,
akautazama kwenye mwanga wa dirisha muda mrefu
kama karani anayekagua noti.
"Mama yangu," akasema, "alikuwa anatia ndimu."
Nikamsukumia daftari na kalamu.
Akaandika pembeni, herufi kubwa, zimepinda:
NDIMU.
Akafikiri. Akaweka alama ya kuuliza.

Kesho narudi kwenye cha sita.
Nimeshawaonya majirani.