Pakiti Mia Mbili za Tishu

Walinipigia simu kazini, alasiri:
Njoo umchukue mama yako, mlango nambari kumi na moja,
amepanda tena juu ya kiti cha abiria.
Anahubiri.

Nilimjua kabla sijamwona. Sauti ya mama
imekwaruzwa na miaka arobaini ya treni za chini ya ardhi:
"Aminini! Aminini, msije mkachelewa!"
na watu wa Daegu, kama maji kwenye nguzo ya daraja,
wanagawanyika,
wanaungana tena nyuma yake.
Kikapuni mna pakiti mia mbili za tishu,
kila moja ina jina la kanisa na simu ya mchungaji
aliyefariki mwaka juzi.

Kwon Bong-sun, miaka themanini na mmoja.
Vidole vimepinda kwa kufungasha tishu hizo usiku
huku akiwaombea wapenga kamasi asiowajua.

Mimi? Mimi ni wa kijitabu cha manjano.
Mwaka wa themanini na tisa, chuoni, chini ya miti ya ginko,
tulitumwa wawili wawili.
Hatua ya kwanza, hatua ya pili,
mchoro wa korongo: huku wewe, kule Mungu,
na msalaba umelazwa juu yake kama ubao wa mafundi.
Nilijua maswali yote na majibu yake.
Nilirudi bwenini na hesabu: leo kumi na wanne.
Sura ya hata mmoja wao siikumbuki.
Kijitabu bado kimo mkobani, kati ya risiti na dawa za presha,
pembe zimejikunja kama mwani uliokaushwa.

Na Ha-ram, mwanangu,
ambaye jina lake tuliliunga kwa maneno ya shukrani,
huosha nywele za wagonjwa ghorofa ya saba.
Hana kijitabu. Hana kikapu.
Nikimuuliza, "Juma hili umemwambia nani?"
hunimenyea chungwa.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, husemwa;
nimetega sikio miaka sita,
mshindo wenyewe sijausikia.

Naye alikuja kituoni, bado kavaa viatu vya wodini.
Mlinzi, kijana mwenye mafua, alikuwa akiandika faini
na kupenga kwa tishu ya mama.
Akainua macho. Kalamu ikasimama.
"Wewe ndiye uliyekuwa ukimsomea baba matokeo ya besiboli."
"Ndiyo."
"Sikujua kumbe wewe ni... wa hawa."

Hawa. Silabi mbili,
zikatutosha sote watatu kama mwavuli mmoja mbovu.

Mama akamgeukia mjukuu:
"Ulikaa na mtu anayekata roho
na Jina hukumtajia?"
"Aliuliza mara moja, bibi. Nikamjibu."
"Mara moja!"
"Ilikuwa usiku. Hakutaka kelele."

Mlinzi alimaliza kuandika faini. Sheria ni sheria.
Kisha akaomba pakiti nyingine.

Treni ya kurudi, vituo viwili tu,
mama akasimama. Nikafumba macho.
Nilipoyafumbua, Ha-ram alikuwa nyuma yake,
mwekundu hadi masikioni, akitazama viatu vyake,
mkono mmoja umeshika mkanda wa koti la bibi
ili treni ikipinda, mhubiri asianguke.

Mwanamke aliyeketi kando yangu akaninong'oneza:
"Unawafahamu hawa?"

Hapakuwa na moto wa makaa, wala jogoo;
sauti ya mashine tu, ikitaja kituo kinachofuata.
Mkobani vidole vyangu viligusa pembe zilizojikunja,
vikaziacha.
"Ni wangu," nilisema.

Akanitazama kitambo.
"Basi mwambie akae, ataumia."
Akainuka, akampisha.

Mama akaweka kikapu pale kitini,
akaendelea.