Mkunjo wa Kiwiko

Kiwiko changu ndicho kilichofanya.
Niligeuka kuchukua rula, upepo wa bandarini ukasukuma mlango,
karatasi ikainuka, nikaikandamiza bila kuitazama,
na nilipoondoa mkono palikuwa na mstari,
mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi tumboni mwa kondoo.

Kondoo wa penseli. Ana miguu mitano:
wa tano ulifutwa kwa raba mbovu, ukagoma kuondoka.
Aliyemchora ni Delfín Bahamonde, mkata manyoya
kwenye shamba moja kusini kabisa, Tierra del Fuego,
ambako, kwa maelezo ya dada yake,
upepo hauvumi, unaishi.

Dada ndiye aliyemleta. Bi Hortensia,
anayepanda ngazi mia na kumi na mbili za Valparaíso hadi karakana yangu,
akipumzika kila kona na kuwatukana paka.
"Fremu ya mbao nyepesi," alisema, "na kioo kisichong'aa.
Ijumaa nakuja."
Ilikuwa Jumatatu.

Samaki mkunje angali mbichi,
na karatasi inyooshe ingali na umande.
Nilijaribu kwanza kwa pamba, nyuma, pembeni,
tone moja dogo:
penseli haikutoka. Penseli ina huruma.
Wino ungenifunga.

Nikamlaza kondoo kifudifudi,
nikapitisha brashi yenye unyevu tu, si maji,
mara moja, nikangoja, mara ya pili,
hadi karatasi ikalegea, ikajikunjua
kama uso wa mtu aliyesamehe kabla hujamwomba.
Karatasi ya kufyonza chini, ya kufyonza juu,
kipande cha kioo, kisha kila kizito nilichonacho:
pasi ya mkaa ya bibi yangu, baridi,
makopo mawili ya misumari,
kitabu cha simu chenye namba za marehemu.

Jumanne nikabadilisha karatasi za kufyonza.
Jumatano tena.
Alhamisi nikafunua.
Laini! Nikapiga mluzi, peke yangu, kama mjinga.

Ijumaa Bi Hortensia hakumtazama kondoo.
Alipitisha kidole hewani juu ya karatasi,
toka juu hadi chini, toka kushoto hadi kulia,
kama anayetafuta swichi ya taa gizani.
"Msalaba uko wapi?"
Msalaba gani?
"Alipomkunja. Alimkunja mara mbili aingie kwenye bahasha,
bahasha za shambani zilikuwa ndogo.
Ulipita hapa, sikioni, ndiyo maana sikio limechakaa.
Miaka thelathini na tisa namfungua, namfunga."

Nilikuwa nimeuona. Jumatatu niliuona,
nikauhesabu pamoja na kosa langu,
nikaupitishia brashi ile ile
wala sikuuliza.

Nikamwambia yote: kiwiko, mlango, kitabu cha simu.
Akakunja uso. Sikujua pa kuweka mikono.
Kisha akavua glavu, akaichukua karatasi,
akaikunja nusu, halafu nusu tena,
bila rula, bila kupima,
vidole vikijua njia,
akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya mkunjo.
Sauti ilikuwa ndogo. Niliisikia mgongoni.

Akakunjua.
"Sasa mtie kwenye fremu."

Nikamtia. Kioo sikumtoza.
Alipokuwa akijifunga skafu jua la saa kumi likaingia kwa ubavu,
na mstari wangu, niliodhani nimeuzika,
ukachomoza tumboni. Aliuona kabla yangu.
"Na huu?"
Huo ni wangu.
Akasogea karibu, akarudi nyuma, akatafuta miwani,
akaikuta kichwani.
"Uache," alisema.
"Kondoo huyu amezoea vya ziada."