Mkorosho Namba Kumi na Saba

Mahuta, mwezi wa saba, umande haujakauka.
Nina ubao, penseli, na lenzi ya elfu kumi
niliyoifunga shingoni kwa kamba ya kiatu.
Nahesabu.
Tawi la kaskazini: vishada vitano, vitatu vina unga.
Tawi la kusini: vishada vitano, vyote vitano.
Ubwiriunga hauna haraka.
Hulala juu ya ua kama unga kwenye kope za mtu wa mashine,
na ua lililolaliwa halifumbuki.

Miti mingine yote ya Bi Somoe Nandonde imepata sulfa.
Alfajiri bomba lilinguruma, wingu la manjano likapita,
vijana wakikohoa ndani ya vitambaa.
Huu tukauruka.
Utepe mwekundu. Namba kwa rangi nyeupe kwenye gome.
Na dole gumba lake kwenye fomu, chini ya maneno
*usitiwe dawa.*

"Unaitwa kontroli," nilimwambia msimu ule wa kwanza,
tumekaa juu ya magunia matupu.
"Bila huu hatutajua dawa imefanya nini
na nini kimefanywa na jua, au na mvua iliyowahi."
Akanitazama kama anavyotazamwa mnunuzi wa kangomba.
"Yaani mmoja alale njaa, ndipo mjue wenzake wameshiba?"
Ndiyo, nikasema. Sikuwa na jibu lililovaa vizuri zaidi.
"Basi huyo ni shahidi. Mpeni jina lake."

Tulichagua kwa vikaratasi, ndani ya kofia ya Litunu dereva,
kama kanuni inavyotaka: mkono usijue unachokiokota.
Mkono wangu haukujua.
Haukujua kwamba kumi na saba ndio uliomlipia Fadhila
ada na godoro la kidato cha kwanza,
mwaka ambao miti mingine ilikuwa inacheza.
Yeye alijua.
Alikisoma kikaratasi, akakikunja mara mbili,
akanirudishia.
Hakuomba kura ipigwe upya.
Haya nimeyasikia jana tu, kwa Litunu, njiani, baada ya Kitangari,
na nimekosa pa kuyaandika.

Fomu yangu ina safu kumi na mbili:
tarehe, tawi, kishada, unga, mbu wa mikorosho,
viota vya majimoto (hai, vitupu)…
Haina safu ya jirani anayepita na baiskeli, akipunguza mwendo:
"Somoe! Sulfa imekuishia, au mti mmoja umekushinda?"
Haina safu ya yeye kuendelea kupalilia.

Majimoto wamenipanda mpaka kwapani.
Nawapangusa, nahesabu upya tawi la kusini,
nikitumaini, Mungu anisamehe, kwamba nimekosea.
Vitano.
Naandika vitano.

Mwezi wa kumi na moja nilirudi na mizani ya ndoano.
Tuliitundika kwenye tawi la mti wenyewe,
maana hapakuwa na penginepo.
Miti yenye sulfa: kumi na mbili. Kumi na nne. Tisa na nusu.
Kumi na saba: kilo mbili na robo,
ndogo, zenye madoa, na mabibo yaliyopasuka kabla ya kuiva.
Ofisini Naliendele zitageuka nukta ya chini kwenye karatasi,
na watu watafurahi, kwa haki kabisa,
kwa jinsi nukta za juu zilivyo mbali nayo.

Bi Somoe hakuzichanganya na za ghalani.
Alizimimina kwenye ungo wake peke yake,
akazipitisha vidoleni moja moja.
"Ushahidi umetosha?"
Nikatazama kiatu changu. Kimoja hakina kamba.
"Bado msimu mmoja, mama. Wanataka mitatu."

Akanyamaza kidogo.
Kisha akaenda kwenye shina. Upepo ulikuwa umelegeza utepe,
ncha moja inaburuta mchangani.
Akaukung'uta, akauzungusha,
akaufunga fundo lile la kufungia mbuzi,
lisilofunguka kwa kuvutwa.
"Nipe na hiyo rangi," akasema. "Saba yenu imefutika."